Sahani ya Kunguru kwa Kina Karandikar

Dalali alimpandisha Tiyamike ngazi za jengo letu akiwa ameshamkatia tamaa. Niliwaona, kwa sababu mlango wangu unatazamana na wa Vatsala Karandikar, na mimi huuacha wazi mchana kutwa ili upepo uingie. Wapo wanaosema kinachoingia ni umbeya. Waseme. Nilifanya kazi ya kuunganisha simu hapa Pune mpaka nikastaafu, na mtu aliyelipwa mshahara kwa kusikiliza hawezi kuziba masikio kwa sababu tu kapewa pensheni.

Msichana alikuwa ametoka Malawi kuja kusomea famasia. Kila alikopelekwa mtaani kwetu, mwenye nyumba alimtazama mara moja akasema chumba kimeshachukuliwa. Vyumba hivyo viko wazi mpaka leo. Vatsala, ambaye jengo zima tunamwita Kaku kama mtu anavyomwita mke wa baba yake mdogo, alimsimamisha mlangoni akamhoji.

"Nyama unakula?"

"Ninakula, Kaku. Ila humu sitakula."

"Mayai?"

"Hata mayai."

"Wanaume?"

Msichana akashtuka. "Hao siwali, Kaku."

Dalali akacheka peke yake. Kaku hakucheka, lakini nilimwona akiuma mdomo. "Kuimba je? Unaimba?"

"Kanisani tu."

"Hapa utaimba pia. Nyumba hii imenyamaza mno."

Basi akapata chumba cha nyuma, kile kile alichougulia na kufia mume wa Kaku, Bwana Dattatray, wakati wa mvua zilizotangulia. Kaku hakumwambia. Nami nilinyamaza, maana hata mdomo wangu una siku zake za mapumziko.

Mwanzo ulimtesa. Siku moja nilimkuta kando ya barabara kubwa, kakumbatia mkoba, anangoja magari yapungue. Magari ya Pune hayapungui. Nilimshika mkono nikamwambia, "Inua kiganja, tembea, usimtazame mtu usoni. Wakijua unaogopa wanakupitia juu." Tulivuka katikati ya skuta na bajaji, yeye akisali kwa lugha yao kwa sauti kubwa. Dukani watu walimgusa nywele bila kuomba. Bwana mmoja alimsimamisha apigwe picha na mkewe, wala hakumuuliza jina. Kimarathi, lugha yetu, alijifunza kwa muuza mboga wa chini, mwanamke mwenye ulimi mchafu kuliko mtaro, kwa hiyo akawa anamsalimu muuza maziwa kwa adabu zote na kumtukana mama yake katika sentensi hiyo hiyo. Muuza maziwa alimpenda sana.

Kwao alituma sauti kwa simu kwamba kila kitu ni kizuri. Kisha alikwenda bafuni, akafungua bomba na kulia. Maji ya jengo letu huja alfajiri tu, tunayakinga kwenye mapipa, na Kaku alivumilia kwa muda kabla ya kugonga mlango.

"Mwanangu, lia! Lia mpaka ushibe, lakini bomba ulifunge!"

Tangu hapo alilia mezani, mbele ya Kaku, huku akipewa chapati ya moto. Wakazoeana. Kaku alimsuka nywele za mbele. Yeye alimkanda Kaku magoti, ambayo yalikuwa yameshakataa ngazi. Nilianza kusikia nyimbo za kanisa asubuhi, na Kaku akiitikia mahali asipojua maneno.

Kilichomshinda msichana ni kunguru. Nyuma ya jengo kuna mkuyu mkubwa, na kunguru wa mkuyu ule ni wenyeji kuliko sisi. Walimwibia sabuni. Walimwibia kijiko. Halafu wakazoea kukaa kwenye kamba yake ya nguo nje ya dirisha, na chini yao linaning'inia koti jeupe la maabara. Alifua, wakachafua. Akafua tena. Mwalimu wake akamtoa nje mbele ya darasa, akamuuliza kama huko kwao dawa huchanganywa kwenye banda la kuku. 

Sasa Tiyamike amekulia kwenye mashamba ya mpunga karibu na ziwa Chilwa, na kazi ya kwanza aliyopewa maishani ilikuwa kuwinga ndege wasile mpunga. Anajua ndege anaogopa nini. Aliokota manyoya chini ya mkuyu, akachukua mfuko mweusi wa takataka, akatengeneza kunguru mfu, bawa moja limefunguka, kichwa kimelegea, akamfunga miguu na kumning'iniza kichwa chini kwenye nondo za dirisha lake. Kunguru wa mtaa mzima walikuja kupiga kelele za msiba. Kisha wakahama mkuyu. Koti likakauka jeupe. Kaku hakujua, maana dirisha lile liko upande wa pili wa kona, halionekani kutoka kibaraza cha nyuma. Mimi niliona tu kwamba kumekuwa kimya asubuhi, nikadhani ni masikio yangu yamezeeka.

Ikafika siku ya kutimia mwaka tangu Bwana Dattatray afe.

Mwana wao, Mandar, alikuja na mkewe Ketaki na kuhani. Mimi nilialikwa kwa kuwa nisingekosa hata bila mwaliko. Wakapika alivyovipenda marehemu: wali, bhajia za dengu, uji mtamu wa maziwa, maboga. Ibada ikafanyika, na Mandar akaweka chakula cha baba yake kwenye sahani ya majani, juu ya ukuta wa kibaraza. Kunguru akishuka akagusa, marehemu amepokea, na sisi tunakula. Asipogusa, hakuna anayekula.

Tukangoja. Mandar akaita, "Kaa! Kaa!" kama sote tunavyowaita. Anga tupu. Siku ya kumi baada ya kifo, kule mtoni, kunguru alikuja mara moja, lakini wale wa mtoni wanakula cha kila mtu, na Kaku mwenyewe hakuwahi kumwamini yule. Mwaka mzima alikuwa akiingoja siku hii, hapa, kwenye kibaraza cha mumewe. Nilijua anaingoja. Sikujua kwamba anaiogopa.

"Kuna jambo amelishika moyoni," kuhani akasema. "Mwahidini. Akisikia anachotaka, atakuja."

Mandar akasogea ukutani. "Baba, redio yako sitaiuza."

Hakuja.

"Baba, nitakunywa dawa za presha," Ketaki akasema, jambo ambalo lilimhusu yeye na mumewe zaidi kuliko marehemu.

Mimi nikaona nichangie. "Dattatray, ule mwavuli uliosema umepotea, ninao. Utarudi leo hii." Mandar akanitazama vibaya. Hakuja.

Uji ukaanza kushika ngozi. Kaku alikuwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti. Akainuka bila kushikwa, akaenda mpaka ukutani, akaziweka nywele zake vizuri chini ya upindo wa sari, kama vile mtu anamtazama.

"Ni Madhav," akasema. "Najua ni Madhav."

Madhav ni mdogo wa Bwana Dattatray, anaishi mji wa Satara. Kwenye harusi ya Mandar alisema mbele ya wageni kwamba Kaku alimwacha mama yao azeekee kwenye kona ya jiko bila kutunzwa, na Kaku akaapa mtu huyo hatakanyaga tena mlangoni pake.

"Ulipokuwa kitandani, alikuja," Kaku akaliambia anga. "Nilifungua mlango kidogo. Nikamwambia umelala. Hukuwa umelala. Uliniuliza kutoka chumbani, nani huyo? Nikakwambia, muuza magazeti."  "Ukageukia ukutani. Hukuniuliza tena kitu mpaka ukafa. Nitamwita. Nakuapia nitamwita, aje ale hapa. Njoo basi. Njoo."

Mandar alikuwa amesimama na kijiko mkononi. "Mama," akasema polepole. "Baba alikuwa ananiuliza kila siku kama baba mdogo kapiga simu. Nikawa namwambia labda ana kazi. Ulikuwa unasikia, Mama?"

"Nilikuwa nasikia."

Hakuna kunguru aliyekuja. Mwishowe kuhani akafunga majani makavu umbo la kunguru, akaligusisha kwenye wali, akasema imetosha. Kwa kuhani ilitosha. Mandar alikula kidogo akaondoka bila kuinama kugusa miguu ya mama yake, na sijawahi kumwona akifanya hivyo tangu azaliwe.

Ilikuwa Jumamosi, na Tiyamike alikuwa amerudi mapema. Alisimama mlangoni na viatu mkononi wakati Kaku anaongea na anga. Aliponishika kiwiko kuuliza kuna nini, nilimweleza kwa kunong'ona: kunguru hataki kuja, kwa hiyo Kaku anaamini mumewe amemkasirikia. Nilidhani ataguna kama wageni wanavyoguna. Badala yake uso wake ulibadilika kabisa, akaingia chumbani, na nikasikia dirisha linafunguliwa.

Jioni, taa ndiyo kwanza zinawashwa, alikuja jikoni kwangu na kitu kimeviringishwa ndani ya taulo. Akakifungua mezani, juu ya unga wangu.

"Maushi, ni mimi." Ndivyo anavyoniita, mama mdogo. "Nimemfukuza mume wa Kaku."

Nilikitazama kile kitu mpaka nikaelewa. Nikataka kucheka, nikataka kumpiga kofi. Kisha nikafikiri, nikaona njia nyepesi. Mimi huziona haraka.

"Nyamaza," nikamwambia. "Tupa hicho kitu mbali. Yule mwanamke ana jiwe tumboni mwaka mzima, leo kalitapika. Madhav ataitwa. Umefanya kazi iliyotushinda sote."

"Lakini anaamini mumewe amemkataa."

"Ataacha kuamini, kunguru wakirudi."

"Kunguru hawasahau, Maushi. Kwetu ukiwaonyesha mwenzao mfu mahali, msimu mzima hawapiti hapo." Akaanza kulia, safari hii bila bomba wala chapati. "Amenipa chumba wakati kila mtu kaninyima. Nimemvua nguo mbele ya mwanawe kwa sababu ya koti."

Nilimwambia asijitie ujinga, anywe chai. Hakunywa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuzitazama. Kaku hakumpigia Madhav simu. Aliishika simu, akaitua. Alisema hana uso, kwamba kama mumewe mwenyewe hakukubali ahadi ile, basi ni ahadi ya bure. Kila asubuhi alijikokota hadi kibarazani na kuweka wali kwenye jani, akasimama na magoti yake mabovu akiita, na hakula mpaka jua lilipokuwa limepanda na wali ule kukauka. Akaanza kukonda. Tiyamike alitangulia kuamka, akatawanya vipande vya chapati ukutani na kwenye dirisha lake. Kunguru walikaa mbali, kwenye paa la shule, wakatazama. Hakuimba tena. Kaku alimuuliza kama anaumwa, akampima joto la kichwa kwa kiganja, akamwekea maziwa yenye manjano kando ya kitanda. Msichana aliniambia maziwa yale yalimshinda kumeza kuliko dawa yoyote.

"Akinigombeza nitapona," alisema. "Ananibembeleza, Maushi. Siwezi."

Asubuhi moja akaenda. Mimi nilimfuata, si kwa kuitwa. Kaku alikuwa sakafuni anachambua dengu kwenye ungo. Tiyamike akapiga magoti kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa, akaweka kile kitu mbele yake, akaeleza yote: koti, mwalimu, mpunga, kamba. Alieleza kwa Kimarathi cha muuza mboga, na hata hivyo hakuna aliyecheka.

Kaku alikinyanyua kwa kamba ya miguu. Akakigeuza.

"Kilikuwa kwenye dirisha la chumba cha mume wangu," akasema. "Siku ile."

"Ndiyo, Kaku."

"Kwa hiyo hakukasirika. Au alikasirika, na mimi sitajua kamwe." Akanitazama. "Usha, wewe ulijua?"

"Tangu jioni ile."

Ndipo ungo ukaruka. Dengu zilienea mpaka chini ya jokofu. "Nimejianika mbele ya mwanangu kwa ajili ya mfuko wa takataka!" akapiga kelele. "Mandar hanipigii simu! Mkewe ameshawaambia wazazi wake! Na nyinyi mnanipa chai mnanitazama nikiita kunguru kama kichaa! Tokeni! Wote wawili, tokeni!"

Nilitoka. Ni kweli, nilitoka haraka kuliko msichana. Yeye alibaki akiokota dengu, Kaku akamfukuza tena, akaenda chumbani na nikasikia zipu ya sanduku.

Mandar alifika mchana, maana Kaku alikuwa amempigia akilia. Nilimsikia vizuri, mlango ulikuwa wazi na sauti yake ilikuwa imepata nafuu kubwa.

"Basi, Mama, umeona? Baba hakuwa na lolote. Ni huyu tu na mfuko wake. Ile ahadi nayo imefutika, baba mdogo hana haja ya kusumbuliwa, tena angekuja hapa kututukana bure. Msichana aondoke leo, yaishe."

Tiyamike alikuwa ameshalivuta sanduku mpaka ukumbini. Alikuwa amevaa koti lake jeupe kwa sababu halikuingia kwenye sanduku. Kaku alikaa akimtazama, kisha akamtazama mwanawe, na alipoongea hakupaza sauti.

"Yeye alimfukuza kunguru kwa mfuko," akasema. "Mimi nilimfukuza mtu kwa mdomo wangu, na mwenye nyumba yuko macho. Sasa unataka huyu aondoke na mimi nibaki nimesafika?"

"Mama, sikusema hivyo."

"Umesema hivyo. Na mimi nilifurahi uliposema. Kwa dakika moja hivi nilifurahi, Mandar, nikajionea kichefuchefu." Akamgeukia msichana. "Rudisha sanduku chumbani. Bado nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka sikukuu ya Diwali. Lakini utakasirikiwa ukiwa hapa."

Kisha akachukua simu, akapiga Satara mwenyewe. Hakueleza. Alisema tu, "Shemeji, ni Vatsala. Njoo ule," akakata kabla hajajibiwa, kwa woga.

Madhav alikuja Jumapili kwa basi. Ni mzee mfupi mwenye bega moja lililoshuka, na alipanda ngazi akipumzika kila kona. Tiyamike ndiye aliyemfungulia. Mzee akamtazama, mgeni mweusi mrefu mlangoni pa kaka yake, wala hakuonyesha kushangaa.

"Shemeji yangu amelala?" akauliza, na kila aliyekuwa ndani, Mandar akiwemo, alilisikia lile swali.

"Hapana, babu. Yuko macho. Anakungoja."

Kaku alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa amepanga maneno, nilimsikia akiyafanyia mazoezi jikoni tangu asubuhi, na yote yakampotea.

"Nilikudanganya," akasema. "Hakuwa amelala siku ile. Aliuliza ni nani, nikamwambia muuza magazeti. Sitaki unisamehe. Nilitaka uambiwe na mimi."

Mzee alikaa kitini bila kukaribishwa. Akavua kofia, akaiweka kwenye goti, akaivaa tena.

"Mlango ulikuwa wazi kidogo," akasema. "Nilimsikia akiuliza. Nani huyo? Sauti imeisha kabisa, lakini ni yake. Nilikuwa hapo, Shemeji, hatua chache tu. Ningesema, ni mimi, Kaka. Maneno hayo tu. Usingeweza kunizuia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikakusikia ukisema muuza magazeti, nikanyamaza. Nikashuka ngazi." Alikuwa anaitazama sakafu. "Nilitaka lawama ibaki yako."

 Mandar alikuwa amegeuka ukutani. Kaku alimtazama mzee yule kwa muda mrefu, na mimi, niliyezoea kujua watu watasema nini kabla hawajasema, sikujua. Kisha akamwambia Tiyamike alete maji ya kunawa. Akapakua wali mwenyewe, akaweka sahani mbele ya shemeji yake, na nyingine kando yake, akakaa hapo. Akala.